"Nyumbani kuna shoti": breka inaruka, taa inacheza, friji inakupiga, unaanzia wapi

Neno shoti limetuharibia kazi sana. Breka ikiruka, kuna shoti. Ukigusa friji ikakurusha mkono, friji ina shoti. Soketi ikiungua, shoti. Taa ikizima yenyewe, basi pia shoti. Mtu anapiga simu kwa fundi anamwambia "njoo nyumbani kuna shoti" na fundi wa watu anabeba begi lake hata hajui anakuja kutafuta nini, akifika anabadilisha breka maana ndo kitu kinachoonekana, anaondoka, siku ya tatu inaruka tena na lawama zinaanza upya. Kumbe haya ni magonjwa tofauti kabisa, na kila moja lina saa zake. Kwa hiyo kabla hujauliza nini kimekufa, jiulize kwanza hii kitu inatokea LINI. Papo hapo? Baada ya nusu saa? Mvua ikinyesha? Ukiwasha kitu gani?

Kabla sijaendelea, usalama, na hapa sitaki utani. Ukitaka kufungua soketi au holda zima meni swichi (ile kubwa ya nyumba nzima), sio swichi ya ukutani. Swichi ya ukutani inakata waya mmoja tu, na kama aliyefunga alichanganya akapitisha nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto (unaoleta umeme) basi taa itazima vizuri tu lakini holda bado iko hai inakusubiri. Ukishazima, pima na testa, na hiyo testa ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, maana testa iliyokufa na waya usio na umeme vinafanana kabisa. Ndani ya bodi ya breka usiingize mkono wala bisibisi, hata ukizima meni kuna nyaya zinazotoka kwenye mita kuja juu ya hiyo meni na hizo hazizimwi na wewe. Kupandisha na kushusha breka, kuchomoa plagi, kunusa, kuangalia, kusikiliza, hiyo ndo kazi yako. Na inatosha, utaona.

Breka inaruka papo hapo ukiipandisha

Hii ndo shoti yenyewe, shoti halali. Waya wa moto umegusana na nyutro au na athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), umeme mkubwa umepita ghafla na koili iliyo ndani ya breka imevuta na kukata. Breka ya kawaida ya nyumbani, ile aina ya B, inakata papo hapo umeme ukifika mara 3 mpaka 5 ya namba iliyoandikwa juu yake, yaani B16 inaruka hapo hapo kati ya ampea 48 na 80, na shoti ya kweli inaweza kupitisha mamia ya ampea, kwa hiyo huwezi kushindana nayo. Nimeshaona mtu ameifunga breka kwa mpira ili isishuke. Haisaidii, ndani inakata hata kama kile kikono umekishikilia juu, wametengeneza hivyo kwa makusudi kwa ajili ya watu kama sisi.

Fanya hivi. Chomoa kila kitu kwenye soketi za upande huo, nasema CHOMOA, sio kuzima swichi ya soketi. Shusha breka mpaka chini kabisa kwanza, baadhi zikiruka zinasimama katikati na ukizisukuma juu hapo hapo hazishiki, mtu anadhani breka imekufa. Afu pandisha. Ikikaa, nyaya zako za ukutani zina nafuu na mgonjwa ni kifaa, rudisha kimoja kimoja mpaka ukifikie kile kinachoiangusha. Mara nyingi ni waya wa pasi pale shingoni unapokunjwa kila siku, au ekstensheni iliyokanyagwa na mguu wa kitanda. Kama haikai na hamna kitu kimechomekwa, jaribu mara moja tu, acha, usiipandishe mara kumi kumi, kila mara unachoma zaidi pale palipogusana. Hapo jikumbushe wiki hii nani amepigilia msumari ukutani wa kutundika picha au saa, maana nyaya huwa zinashuka wima kutoka juu kuja kwenye swichi na soketi na ndo hapo hapo watu wanapapenda kutundika vitu. Panya nao darini wanatafuna waya.

Kwenye taa ni rahisi zaidi, zima swichi zote, pandisha breka, washa moja moja. Ile inayoiangusha ndo yenyewe, fungua holda yake (meni ikiwa chini) na mara nyingi utakuta plastiki ya waya imekuwa kama biskuti, ukiigusa inapukutika, kwa sababu ya balbu ya moto iliyokaa humo miaka.

Inakaa dakika kumi, nusu saa, afu inaruka

Hii sio shoti. Hii ni mzigo, ovalodi, na dawa yake haiko kwenye bodi, iko kwenye hesabu. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawa kwa volti za kwenu, unapata ampea. Tuseme volti 230 na breka ya soketi ni ampea 16. Jagi la kuchemshia maji wati 2200, pasi wati 2000, jumla 4200, gawa kwa 230 unapata kama ampea 18. Imezidi 16 si ndio? Lakini breka inaweza isiruke kabisa! Watu hawajui hili. Ndani kuna kibati cha metali mbili kinachojipinda kikipata joto, na kinachukua muda, breka hizi kwa viwango vyake haitakiwi kuruka ndani ya saa moja mpaka mzigo ufike mara 1.13 ya namba yake, na lazima iwe imeruka ndani ya saa moja ukifika mara 1.45. Katikati hapo ni bahati nasibu. Na jagi lenyewe linachemsha dakika chache linajizima, hata kibati hakijapata joto la maana. Sasa ongeza hita ya chumba wati 1500, tuko ampea karibu 25, hiyo ni zaidi ya mara 1.5, hapo itaruka, sio sekunde ile ile lakini itaruka. Ndo maana unasikia mtu anasema "mbona jana niliwasha vyote haikuruka", jana hakuwasha kwa muda wa kutosha.

Na sasa dhambi kubwa. Fundi wa haraka haraka anakuja anakwambia breka ni ndogo, anatoa ya 16 anaweka ya 32, tatizo limekwisha, unamshukuru. Jamani breka haimlindi friji wala TV, breka inalinda WAYA ulio ndani ya ukuta. Waya wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba) unaobeba soketi uwezo wake ni ampea ishirini na kidogo kutegemea umepita wapi, ukiwa kwenye paipu moja na wenzake au umefunikwa na kitu kinachozuia joto unashuka zaidi. Ukiweka breka ya 32 juu yake, siku ya ovalodi breka itakaa kimya na kitakachopata moto ni waya, huko ndani ya ukuta usikoona. Waya wa taa wa 1.5 ni hivyo hivyo, breka yake ni 6 au 10.

Kuna nyumba zimefungwa kwa mtindo wa ringi, waya unatoka kwenye breka unazunguka soketi zote unarudi kwenye breka ile ile, hapo 32 na waya wa 2.5 ni halali kwa sababu umeme unakuja kutoka pande mbili. Ila ubaya wa ringi ni kwamba ikikatika mahali hutajua, soketi zote zinaendelea kuwaka kama kawaida huku upande mmoja umebeba mzigo wa pande mbili. Hiyo ni ya fundi kupima, macho hayawezi.

Wenye fyuzi za waya, msijione mmepona, ile kuweka waya mnene au karatasi ya sigara ni kosa lile lile.

Kama umepiga hesabu na mzigo ni mdogo na bado breka inaruka baada ya muda, sogeza kiganja karibu na bodi, usifungue. Breka moja ikiwa na joto kuliko majirani zake, pengine skrubu yake imelegea, joto linalotokea pale linaingia kwenye kile kibati na breka inadhani mzigo ni mkubwa. Mwite fundi akaze na akague kama haijaungua.

Inayoruka ni ile pana yenye kitufe cha T

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapowachosha watu wengi. Angalia kwenye bodi ni ipi imeshuka. Kama breka ndogo zote ziko juu na imeshuka ile pana yenye kitufe kimeandikwa T au TEST, hiyo ni RCD, na yenyewe haijali mzigo wala nini. Kazi yake ni moja, inahesabu umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, visipolingana ina maana kuna unaovujia pengine, labda kwenye athi, labda kwenye mwili wa mtu. Za nyumbani nyingi ni miliampea 30, na uvujaji ukifika hapo inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, ukifika miliampea 150 ndani ya milisekunde 40. Kwa hiyo ikiruka usiitukane, na usimruhusu mtu airuke kwa kuunganisha waya pembeni yake.

Kupata mgonjwa, shusha breka ndogo zote, pandisha RCD, afu pandisha ndogo moja moja. Ile inayoiangusha ndo upande wenye tatizo, nenda kachomoe vitu vya upande huo kama tulivyofanya juu. Wa kwanza kuwashuku ni vitu vinavyokutana na maji na joto: hita ya maji, jagi, mashine ya kufulia, jiko la umeme ambalo halijawashwa miezi na koili yake imevuta unyevu.

Sasa kuna ile inayowatoa watu jasho, breka ndogo zote ziko chini na RCD bado haikubali kukaa. Watu wanaamua RCD imekufa wananunua nyingine, nayo haikai. Sababu ni kwamba breka ndogo nyingi zinakata waya wa moto peke yake, nyutro zote bado zimeungana pale kwenye bodi, na nyutro moja ikigusa athi mahali popote RCD inaona hesabu haziendi. Dalili ya ugonjwa huu ni ya ajabu, unawasha pasi chumbani RCD inaanguka, unahangaika na pasi wiki nzima kumbe mgonjwa ni soketi ya jikoni ambayo nyutro yake imebanwa na skrubu ya boksi ikagusana na athi, umeme wa pasi ukirudi unagawanyika, mwingine unapitia huko. Hii hutaipata kwa kupandisha na kushusha. Fundi anachomoa nyutro moja moja na kupima kwa mega, kile kipimo kinachopeleka volti 500 kwenye waya kuona kama plastiki bado inazuia, na jibu linatakiwa lisipungue megaomu 1. Vifaa vya elektroniki vyote vichomolewe kabla ya hapo, sio baada.

Kwangu mimi ilikuwa mvua. Lakini haikuwa inaruka mvua ikinyesha, hapo ndo iliponidanganya, ilikuwa inaruka saa nzima baada ya mvua kukatika, usiku, asubuhi napandisha inakaa, fundi anakuja mchana anapima kila kitu kizima ananiangalia kama namsingizia. Mara ya tatu nikaenda na ngazi kwenye taa ya nje iliyo juu ya mlango. Nafungua kava, maji yananimwagikia mkononi kama nusu kikombe cha kahawa, yamejaa sisimizi waliokufa, na konekta ndani imeota ukungu wa kijani. Maji yalikuwa yanapenya taratibu kupitia tundu la waya lililotobolewa upande wa juu, yanachukua muda kufika kwenye konekta, afu jua likitoka yanakauka kiasi cha kutosha RCD kukaa. Tundu likazibwa, jipya likatobolewa chini, waya ukakunjwa kushuka kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondoke kabla hayajafika. Basi. Miezi miwili ya kulala gizani kwa sababu ya tundu.

Wakati mwingine hamna kifaa kibovu hata kimoja. Kompyuta, mashine ya kufulia, chaja za vitu vikubwa, kila kimoja kinavujisha kidogo tu kwenye athi kwa namna kilivyotengenezwa, ukivijaza vyote nyuma ya RCD moja vinajumlika, na RCD ya 30 inaruhusiwa kuruka kuanzia ikivuka 15. Dawa ni kugawa, RCD mbili au breka zenye RCD ndani yake.

Kile kitufe kibonyeze kila baada ya miezi michache. Isiposhuka wakati umeme upo, imekufa, badilisha. Ila kushuka kwake hakukwambii kama athi yako ni nzima, hicho kitufe hakiijui athi kabisa.

Unagusa friji inakutetemesha

Kuna kutetemeshwa na kuna kurushwa. Kale kamtetemo unakokasikia ukipitisha mgongo wa mkono kwenye mwili wa kompyuta au mashine ya kufulia, mara nyingi ni ule uvujaji mdogo wa kawaida niliosema, ambao ulitakiwa uende kwenye athi na athi hakuna, kwa hiyo bodi la kifaa (mwili wake wa chuma) linaelea kwenye kama nusu ya volti za umeme. Kinachorusha ni kingine, huko waya wa moto umegusa bodi. Lakini vyote viwili vinakwambia kitu kimoja: athi haipo au imekatika. Kuvaa ndala jikoni sio matibabu.

Angalia plagi ina pini tatu na haijakatwa moja, angalia ekstensheni sio ile ya nyaya mbili, baada ya hapo ni soketi kufunguliwa kuona kama waya wa athi umefungwa kweli au umekunjwa tu nyuma. Na kuna mchezo mmoja nimeuona mara nyingi mpaka unanikera, soketi haina athi basi fundi anaunga kipande cha waya kati ya nyutro na athi pale pale kwenye soketi, testa inakuwa kimya, mteja anafurahi. Siku nyutro ikikatika huko nyuma, bodi lote la friji linakuwa na volti 230 kamili, na mlango wa friji unafunguliwa na mtoto.

Kama kinachokupiga ni maji ya bafu, toka, zima breka ya hita, usiiwashe tena mpaka itengenezwe. Hapo hamna cha kujaribu mwenyewe.

Taa inacheza

Taa moja ikicheza ni balbu, holda au swichi, badilisha balbu kwanza. Chumba kizima, ni maungio yamelegea kwenye boksi. Ikififia sekunde moja tu pampu au friji inapowaka, hiyo kawaida, mota zinavuta sana zinapoanza.

Nyumba nzima ikicheza, taa nyingine zinawaka kupita kiasi na nyingine zimefifia, wacha kusoma hapa nenda kazime meni. Hiyo ni nyutro inaachia. Kwenye jengo lenye fezi tatu (nyaya tatu za moto zinazotumia nyutro moja) nyutro ikikatika volti zinagawanywa na mzigo wa kila fezi, mwenye mzigo mdogo anaweza kupata volti zinazokaribia 400, na friji na TV haziombi msamaha, zinaungua. Piga simu kwa wanaowaletea umeme, waambie hivyo hivyo, nyutro. Kwenye fezi moja dalili ni nyingine: nyumba imekufa kabisa lakini testa inawaka matundu yote mawili ya soketi. Mtu anaona giza anaanza kushika nyaya akidhani umeme umekatika, kumbe upo na umerudi kupitia kila balbu iliyowashwa.

Taa ya LED inayobaki na kamwanga hafifu ukishaizima haina hatari yenyewe, ila ni vizuri fundi aangalie kama swichi haijakatisha nyutro. Kama swichi yako ina kataa kadogo ndani, sababu yaweza kuwa hako.

Soketi inanuka na breka imekaa kimya

Hii naiogopa kuliko breka inayoruka. Skrubu imelegea, pale kwenye mguso panakuwa na ukinzani kidogo, tuseme nusu omu, jagi linavuta ampea 10, joto ni 10 mara 10 mara nusu, wati 50. Hicho ni kile kichomeo fundi redio anachoyeyushia risasi, umekifungia ndani ya soketi ya plastiki. Na breka inaona nini? Ampea 10 tu, kila kitu shwari. Kwa hiyo pua yako ndo kinga, harufu kama ya samaki au plastiki, soketi imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu, plagi ukichomoa ina moto kwenye pini moja tu. Acha kuitumia leo. Wakati wa kubadilisha waya ukatwe mpaka shaba inayong'aa ionekane, shaba iliyoungua haishiki vizuri hata ukaze vipi.

Soketi kadhaa zimekufa na breka iko juu? Tafuta ya mwisho inayofanya kazi na ya kwanza iliyokufa, waya umeachia kwenye mojawapo ya hizo mbili.

Ukimpigia fundi sasa, ile "kuna shoti" iache, mwandikie hivi: "Breka ya soketi za jikoni, B20, RCD haijashuka. Inaruka kama dakika 20 baada ya kuwasha jiko na jagi pamoja, jiko peke yake haina shida. Soketi iliyo karibu na dirisha ina joto na imebadilika rangi. Hakuna aliyetoboa ukuta." Atakuja na soketi mkononi.